Mwendo Uliobaki Katika Mifupa

Mkono wa kulia Prof alikuwekea ubavu wa kiboko, uliotoka ziwani, mzito kama nondo ya chuma. Mkono wa kushoto alikuwekea mfupa wa bawa la korongo, mrefu na mwepesi hata ukahisi umeshika unyasi. Kisha alikuamuru ufumbe macho.

"Sasa uniambie," alisema. "Hawa wawili walikuwa wanatembea ginsi gani?"

Mwanafunzi alisimama pale na mikono yake isiyolingana, bega moja limeshuka, na wenzake wakacheka. Prof hakucheka. Alingoja. Angeweza kungoja mpaka kengele ilie. Mwishowe mtoto alisema kwamba huyu mzito angezama, na huyu mwepesi upepo ungembeba. Hapo ndipo Prof alipoanza kufundisha: kwamba kiboko hutembea chini kwenye sakafu ya ziwa, na uzito wa mifupa yake ndio unaomweka chini, kwamba ndani ya mfupa wa ndege mna hewa, na ndege asingeinuka kama angebeba mifupa ya ng'ombe. Mfupa, alisema, hukaa na mwendo wa mwenyewe hata mwenyewe akiwa ameondoka zamani.

Mjini kwetu Bunia kila anayefundisha shule ya sekondari huitwa Prof, hata kijana aliyeajiriwa juzi. Huyu alifundisha biolojia. Mimi nilifundisha somo la dini katika chumba kilichofuata, na kati yetu palikuwa na ukuta wa mbao tu. Kwa hiyo nilimsikia kwa muda mrefu kabla sijamjua. Wanafunzi wangu walipokuwa wameinamisha vichwa katika sala, upande wa pili wanafunzi wake walikuwa wakitembea kwa ncha za vidole ili waone mbuzi anavyoishi, au wakitambaa kwa viganja kama nyani, madawati yakigongana.

"Mutumishi," aliniambia wakati wa mapumziko, "leo umewapeleka mbinguni? Kama wamerudi, unitumie. Tuko na kazi ya dunia."

"Wamerudi," nilimjibu. "Lakini usiwatembeze tena na mikono. Suruali zinaisha ku magoti, na wazazi wanakuja kunililia miye."

Mungu alikwisha kumpumzisha, na ninamshukuru Mungu kwa miaka aliyonipa ya kuwa jirani wa ukuta na mtu huyu. Lakini siwezi kumweleza bila kumtaja mama mmoja.

Mama huyo na Prof walitenganishwa na uzio wa matete. Aliuza samaki wa kukaushwa sokoni, na mume wake ndiye aliyekuwa akiteremka Tchomia, kule ziwani, kumletea mzigo. Katika miaka ile ambayo njia ya ziwa ilikuwa ikifungwa na bunduki, mume aliteremka asubuhi moja na hakupanda tena. Hakuna aliyemwona akifa. Hakuna aliyemwona akiwa hai. Kwetu, matanga ya mtu asiyezikwa hayana mlango wa kutokea. Jamaa hawawezi kukusanyika kuyafunga, na mke hawezi kukivua kitambaa cha kilio kwa sababu hajawahi kukivaa kwa haki. Mama huyu hakuwa mke na hakuwa mjane. Wanaume wa ukoo walimwita shemeji wakitazama chini. Alichoomba kwa Mungu kilikuwa kitu kimoja, na alikiomba kanisani kwetu kwa sauti, bila kuona haya: apewe mwili wa mume wake auzike.

Na katika mtaa wote, mtu wa kuulizwa kama mfupa uliookotwa njiani ni wa mtu au wa mnyama alikuwa ni huyo jirani yake.

Chumba chake cha darasa kilikuwa kimejaa. Kwenye boriti alitundika tumbili kwa waya za breki za baiskeli, mikono mirefu imenyooshwa juu kama anayetafuta tawi. Popo alimbandika ukutani, na wageni hawakuamini kwamba zile fito nyembamba za bawa lake ni vidole. Fuko, yule anayechimba mashamba yetu na kula mihogo, alikuwa na mkono mfupi, mnene, uliopinda kama jembe lililochakaa. Kobe alimkata katikati ili tuone jinsi mbavu zake zilivyoungana na nyumba yake. Kapitene, sangara mkubwa wa ziwa letu, alilala kwenye ubao bila shingo, maana, Prof alisema, anayepasua maji hana haja ya kugeuka nyuma kutazama nani anamfuata. Mbuzi alisimama mlangoni. Prof alipenda kuuliza goti la mguu wa nyuma liko wapi, na kila mtu alionyesha mahali pasipo pake. Lile tunalolidhania goti limegeuzwa nyuma ni kisigino. Goti lenyewe liko juu, limefichwa na tumbo. Mbuzi ametembea maisha yake yote kwa kucha, kisigino chake hakijagusa ardhi, na ndiyo sababu hupanda jiwe ambalo sisi tunalizunguka.

Kazi ya kuandaa mifupa hiyo haikuwa na harufu njema. Aliichemsha kwa maji ya majivu katika pipa nyuma ya nyumba, au aliwafukia wanyama wadogo mahali siafu wanapopita, na siafu wakamfanyia kazi kwa uangalifu ambao kisu hakina. Upepo ukigeuka, mtaa mzima ulijua Prof anapika. Kwenye karamu za harusi alikaa mwisho wa meza na kitambaa magotini, akikusanya mifupa ya kuku kutoka kwenye sahani za wengine. Mara moja bibi arusi alimwambia mbele ya watu, "Prof, uwaachie mbwa pia, nao wamevaa vizuri leo." Alisimama akamwinamia, akaomba na shingo ya kuku iliyokuwa kwenye sahani yake.

Pamoja na hayo yote, aliwaogopa wanyama walio hai. Mbwa akibweka, alinishika mkono. Mbuzi wakiwa wamefungwa langoni kwa mtu, alizunguka kupitia shamba la jirani. Nilimuuliza sababu.

"Wakiwa na nyama juu yao," alisema, "sijui wanawaza nini."

Wawindaji walifika kwake siku moja kutoka upande wa msitu wakiwa na mguu wa okapi, mnyama wa msitu aliyekatazwa kuwindwa, ndani ya gunia. Alikuwa amemtamani okapi kwa muda wote niliomjua. Alikuwa akiwaeleza wanafunzi shingo ile na miguu ile ya mnyama anayepenya kati ya miti bila kuitikisa, na hakuwa na hata jino la kuwaonyesha. Hakulifungua gunia. Aliwafokea wale watu kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia ukutani, kisha akaja kukaa darasani kwangu, nyuma, kama mwanafunzi, mpaka somo langu likaisha.

Wazazi walimjia pia. Mifupa ni kitu cha kuogofya, na mwanamume anayeikusanya nyumbani hupewa jina la mchawi upesi. Siku moja walijaa kwenye uwanja wa shule, na prefe, yaani mkuu wetu, akamwita atoke nje ajieleze.

Mama mmoja alimnyoshea kidole. "Siye tunatuma watoto ku masomo, hatuwatume ku makaburi!"

"Mama, ingia ndani, ushike moja."

"Nishike nini? Shetani?"

"Hapana. Kuku. Ule ulikulaka Noeli."

Watu walicheka, na kicheko kilimsaidia. Lakini alifanya jambo lingine ambalo nadhani lilimsaidia zaidi. Tangu siku ile, chumba chake hakikufungwa madirisha, hata mvua ikinyesha. Mtu yeyote aliyepita barabarani aliweza kuona kila kilichokuwa ndani. Pipa lake la kuchemshia alilihamisha likawa mbele ya nyumba, kando ya njia, na harufu ikawa mbaya kwa wote sawasawa.

Katika mifupa yote ile, wa binadamu haukuwepo. Hili nataka lieleweke, maana katika eneo letu, kwa masikitiko, ingekuwa rahisi kuupata kuliko wa okapi. Msichana mmoja wa darasa lake alikuwa ameokota taya njiani akitoka shambani kwao, akalileta katika mfuko wa plastiki akidhani ni la nguruwe. Prof aliufungua mfuko, akaufunga. Alivua koti lake akaufunika. Nilisikia akisema, "Mutoke wote nje, polepole," na viti vikasogea bila kelele. Kisha akagonga ukuta.

"Mutumishi, kuya huku. Huyu haiko wangu. Ni wako."

Tulilizika pembeni mwa kiwanja cha kanisa, yeye na mimi na msichana yule. Kesho yake aliwaambia wanafunzi kwamba binadamu hatafundishwa juu ya meza yake. Anayetaka kujua mtu anasimamaje amtazame yeye. Akakunja suruali mpaka mapajani. Alikuwa na miguu myembamba kama ya korongo wake, na watoto waliangua kicheko. Aliwaacha wacheke. Halafu akawaonyesha jinsi paja la mtu linavyotoka nje kwenye nyonga na kuingia ndani kuelekea goti, ili mguu mmoja uweze kubeba mwili wote wakati mwingine uko hewani. Aliwaonyesha paja lilivyo refu kuliko mkono wa juu, kwa sababu sisi tunabebwa na miguu. "Mikono yetu," alisema, "inatembea bure. Njo maana tunaweza kubeba mutoto."

Nilimuuliza siku moja kama hakumwona Muumba katika vitu hivyo. Alifikiri sana. Alikuwa mtu wa kufika kanisani akachelewa na kukaa karibu na mlango.

"Mutumishi, miye naona vilichongwa juu ya kazi gani. Nani alichonga, ni weye ulijifunza." Kisha akauliza, "Siku ya ufufuo, tutaamuka na magoti haya haya?"

"Ninaamini tutaamka na mwili mpya."

"Aksanti. Yangu ilianza kulia."

Sikukasirika. Nilifundishwa kwamba imani haiharakishwi, na nimeona kwamba watu wengine humsifu Mungu kwa kuangalia sana kazi yake kabla hawajaweza kumtaja.

Sasa nifike kwenye matanga.

Wachoma makaa waliokuwa wakifanya kazi kwenye miteremko inayoshuka ziwani walikuta mifupa kwenye kichaka, na karibu yake kipande cha shati la miraba. Habari ilipanda mpaka Bunia. Mdogo wa mume, shemeji yake yule mama, alikwenda akairudisha ndani ya gunia, na nyumbani wakaiweka katika kitambaa cheupe. Kichwa hakikuwepo, wala miguu ya chini. Kilichokuwepo ni mfupa wa paja, wa mkono, mbavu na vidole kadhaa. Mama alipokiona kile kipande cha shati alikaa chini mbele ya watu wote, na hakuna aliyehitaji kumuuliza.

Sanduku likatengenezwa. Turubai likafungwa. Kwaya ikaimba, mimi nikiwa nimevaa nguo za ibada, na ndugu wa ukoo walikuwa wamekuja kutoka Iga Barrière wakiwa wamechoka na vumbi. Uso wa mama ulikuwa umetulia, na sikuwa nimeuona hivyo tangu mume wake apotee. Alikuwa ameegemea sanduku kama mtu anavyoegemea ukuta wa nyumba yake.

Prof alichelewa. Alipoingia, mama mwenyewe alimwita.

"Prof, weye unajua mifupa. Umuangalie kwanza, halafu tumufunike. Uniambie tu kama aliumia."

Natamani ningaliweza kulizuia swali lile, lakini lilikuwa limekwisha kusemwa. Prof alipiga magoti. Alifunua kitambaa, akautazama mfupa wa paja, akautazama wa mkono. Akauweka mmoja kando ya mwingine. Akachukua mfupa wa kidole, akauviringisha kati ya vidole vyake kwa muda mrefu. Alivifunika vyote taratibu, akainuka, akaja upande wangu.

"Mutumishi, tutoke kidogo."

Tulisimama nyuma ya nyumba.

"Ile haiko mutu," alisema. "Ni sokomutu."

Sokomutu ni sokwe. Wako bado wachache kwenye vipande vya msitu vilivyobaki juu ya ziwa.

"Una hakika?"

"Mukono na paja vinalingana urefu. Na vidole vimepinda kama ndoano. Huyu alikuwa anabebwa na mikono yake, mu miti."

"Na shati?"

"Watu wengi walikimbia mule. Nguo iliweza kuanguka popote."

Shemeji alikuwa ametufuata. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amekwenda mara nyingi kwenye vichaka ambako wengine hawakuthubutu kwenda, kwa ajili ya kaka yake.

"Prof, achia," alisema. "Huyu mama amechoka. Siye wote tumechoka. Kaka yangu alikuwa mufupi, mifupa ni mifupi. Tuzike. Mungu anajua mule iko nini."

"Mungu anajua," Prof akasema. "Na miye sasa najua. Ni yeye peke yake hajui, na ni bwana yake."

Wote wawili walinigeukia. Nilisema kwamba neno hili ni la mama kabla ya kuwa la mtu mwingine yeyote, na kwamba aambiwe sasa, kabla ya wimbo mwingine. Prof hakuniomba nimsemee. Alirudi ndani, akapiga magoti tena mahali palepale. Aliushika ule mfupa wa mkono akauweka kwenye mkono wake mwenyewe, ukakifikia kiwiko. Akaushika wa paja akauweka kwenye paja lake, nao haukufika goti kwa mbali.

"Bwana yangu alikuwa mufupi," mama alisema. Alikuwa ameanza kuelewa na hakutaka.

"Mutu mufupi anakuwa mufupi ku mikono pia, Mama."

Kwaya ilifunga vitabu vya nyimbo bila mtu kuiambia.

"Kwa hiyo nimelilia nyama ya pori."

"Umelilia bwana yako. Ni mifupa ilikosea nyumba."

Mama aliacha kuliegemea sanduku. "Prof," alisema, "nilikuwa nimefika. Weye njo umenirudisha ku barabara."

Watu waliondoka wawili wawili. Sanduku liliegemezwa nyuma ya jiko. Mifupa ilifukiwa kando ya uzio wa matete, na wapo waliosema kwamba usiku Prof ataifukua, kwani kila mtu alijua kwamba sokomutu hakuwa naye. Hata mimi nilijua ni waya upi pale darasani uliokuwa ukimngoja. Prof hakuigusa mifupa ile. Mama aliacha kumsalimia juu ya uzio, naye akaacha kuchemsha mifupa kwa majira mazima ya mvua, ili moshi wake usipite upande ule.

Alikonda wakati huo. Nilimkuta akiwa amekaa peke yake chini ya tumbili wake na nikamuuliza kama anajuta.

"Hapana. Lakini nasikia vibaya kuwa miye njo nilisema kweli."

Mama ndiye aliyekuja. Alikuja shuleni moja kwa moja kutoka sokoni, harufu ya samaki wa moshi ikamtangulia mlangoni, na wanafunzi wakampisha. Alisimama katikati ya chumba kile kilichojaa akakizungushia macho.

"Unifundishe," alisema.

"Nikufundishe nini, Mama?"

"Kuona. Watanipigia simu tena kesho, kesho kutwa. Kila mara nitalia kwanza, halafu nikuite? Sitaki tena mutu aniambie mbele ya watu. Nataka nijue pale pale, mu pori, peke yangu."

Prof alimwekea ubavu wa kiboko mkono wa kulia. Nikarudi upande wangu wa ukuta.

Alikuja siku ambazo soko lilikuwa limelala, majira hata majira. Nilimsikia akijibu, mara ya kwanza kwa hasira, baadaye kwa utulivu: huyu alichimba, huyu aliruka, huyu alisimama kwa kucha. Alijifunza mbavu za ndama na mbavu za mtu, nyonga ya mbwa na nyonga ya mtoto, ambayo Prof alimchorea ubaoni tu. Na siku moja, bila kuombwa, alimwambia ile mifupa ya kwenye uzio itolewe.

"Muyitoshe, muyiweke hapa. Mwanamuke mwengine asilie nyama."

Shemeji alinung'unika, lakini aliichimbua yeye mwenyewe. Prof aliifunga kwenye waya mkono kando ya paja, bila kuipa umbo la mnyama mzima, na wanawake wengine wenye kilio kisichofungwa walianza kuja wakiongozwa na mama. Mimi nimeshika ibada nyingi, lakini sijui kama nimewahi kuona utulivu kama ule wa wanawake waliosimama mbele ya mifupa miwili, kila mmoja akiupima mkono wake kimyakimya chini ya kitenge.

Tangu hapo, mfupa ukionekana popote, mama ndiye aliyeitwa kwanza. Alitenga mbuzi, alitenga nguruwe, alitenga ng'ombe. Wakibaki binadamu, waliniita mimi, mtumishi. Nimewazika wengi kwa njia hiyo. Wengine walijulikana kwa mshipi au kwa jino la kutengenezwa. Mume wa mama hakujulikana miongoni mwao.

Prof alistaafu, na magoti yake yalifanya kama alivyosema. Yalivimba, yakakataa. Alikaa kwenye kiti mlangoni pake, na nilikuwa nikienda kusali naye, kwani sasa aliniruhusu nisali kwa sauti. Ndiko nilikokuwa mvua ilipokuwa imekatika, mwaka ambao kipande cha mlima kilimomonyoka juu ya njia ya Tchomia na kufichua mifupa. Pikipiki ilisimama langoni. Mama alishuka, na shemeji nyuma yake, wakiwa na kitambaa cheupe.

Alikitandaza kwenye mkeka mbele ya kiti. Hakulia. Nywele zake zilikuwa zimekuwa nyeupe na sikuwa nimeona zilivyobadilika.

"Ni mutu," alisema kabla Prof hajainama. "Hiyo nimekwisha kuona."

"Ni mutu," Prof akaitika. Alishika mifupa mmoja mmoja. Mikono yake haikuharakisha. "Mwanaume. Mufupi. Na angalia mugongo: imebanwa, mufupa juu ya mufupa. Alibeba mizigo ya nguvu, miaka mingi."

"Samaki," shemeji akasema.

"Mizigo," Prof akasema.

Mama alipiga magoti mbele yake. "Ni yeye?"

Sijapata kusikia mtu akiulizwa kwa matumaini namna ile. Neno moja lilitosha, na shemeji alikuwa akimtazama Prof kama alivyomtazama siku ile nyuma ya nyumba, lakini sasa hakumwomba aachie. Machozi yalimtoka Prof. Hakuyafuta, kwa sababu mikono yake ilikuwa imeshika mfupa.

"Mama, mule njiani wanaume wafupi wa kubeba mizigo walikuwa wengi. Naweza kukuambia alikuwa mutu wa namna gani. Kusema ni wako, hapo sifike. Ningeweza ningekupatia."

Nje pikipiki ilikuwa ikilia bado, dereva akingoja. Mama aliuchukua mfupa mikononi mwa Prof, akaurudisha mahali pake, akakikunja kitambaa pembe kwa pembe.

"Basi tumuzike," alisema.

"Shemeji," yule mdogo wa mume akasema taratibu, "na kama haiko yeye?"

"Kama ni yeye, amefika. Kama haiko yeye, kuko mwanamuke fulani anamungojea huyu, na hatamuona. Nitamulilia huyu vizuri. Na wangu, mahali iko, wengine nao wamulilie vizuri." Akanigeukia. "Mutumishi, kesho asubuhi."

Sanduku lile la zamani lilikuwa bado liko nyuma ya jiko. Mchwa walikuwa wamelila upande mmoja, kwa hiyo lilitengenezwa jipya. Watu walikuwa wachache, wengi wao wale wanawake. Prof alikataa kubaki nyumbani. Tulimleta kwa pikipiki, akiwa amebanwa kati ya dereva na shemeji, na pale kaburini akasimama akiegemea bega langu.

Nilipofika mahali pa kumtaja marehemu, nilisita nikamtazama mama. Yeye hakusita.

"Sema bwana yangu," alisema. "Na tena sema bwana ya mwenzangu."

Nikasema yote mawili mbele za Mungu.

Wakati wa udongo ulipofika, Prof alijaribu kuinama. Magoti yakakataa, akabaki nusu njia, mkono wake ukitafuta hewani. Mama aliona. Aliinama akachota udongo kwa viganja vyote viwili, akaja, akaugawa kwa uangalifu, na nusu yake akaimimina katika kiganja cha Prof. Wakaurusha pamoja. Jioni ile, mbele ya wanawake wote, mama alifunga kitambaa cha kilio kwa mara ya kwanza.